Gita la George Mukabi lastahili nafasi darasani

Msemo kwamba ya kale ni dhahabu tunaukariri sana. Redioni hutangulizwa kabla ya kipindi cha zilizopendwa, na wanafunzi wetu huutia katika insha bila kusita, maadam wanajua kwamba mwalimu ataupigia alama ya vyema. Lakini aulizwapo mwanafunzi ataje kitu kimoja cha kale, si methali wala tambiko, bali kazi ya sanaa ya karne ya 20 iliyotungwa na mtu mwenye jina, aliyeishi si mbali na kwao, jibu huwa ni kimya. Kimya hicho si kosa la mwanafunzi. Hajaonyeshwa.

Sisi watu wa Kakamega tungepaswa kuielewa dhahabu upesi kuliko wengine. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, habari za madini zilipoenea, wageni walimiminika hapa, wakachokora mito na mabonde, na mgodi wa Rosterman ukaendelea kuchimbwa hadi miaka ya 1950. Waliotoka mbali ndio waliothamini kilicholala chini ya miguu yetu. Nakumbusha habari hiyo kwa sababu imejirudia katika zama zetu, na safari hii kilichotafutwa si madini bali santuri. Mwenye santuri hizo ni George Mukabi wa Kisa, mpiga gita aliyefariki mwaka 1963, na ambaye ninadai leo kwamba anastahili nafasi katika madarasa yetu kama anavyostahili mtunzi yeyote wa mashairi.

Kisa ni nchi ya vilima na mashamba madogo madogo, kusini magharibi ya mji wa Kakamega, katika eneo linalojulikana leo kama Khwisero. Wakisa ni mojawapo ya jamii za Waluhya. Mukabi alikulia huko katika enzi ya ukoloni, wakati ambapo kodi ilimlazimu mwanamume kutafuta fedha na fedha hazikupatikana nyumbani. Reli iliyotoka Kisumu ilifika Butere mwanzoni mwa miaka ya 1930, na tangu hapo kijana wa Kisa alikuwa na njia fupi ya kuondoka: Kericho kwenye majani ya chai, Nairobi kwenye karakana na majumba ya Wazungu, Mombasa bandarini. Wengine walichukuliwa na jeshi la King's African Rifles, wakapigana mpaka Burma katika Vita vya Pili vya Dunia.

Waliorudi hawakurudi mikono mitupu. Kati ya mablanketi, taa na baiskeli, baadhi yao walileta gita na gramafoni. Vyombo hivyo viwili ndivyo vilivyobadili usiku wa vijijini. Gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono haikuhitaji umeme, kwa hivyo iliweza kuimba chini ya mwembe sawasawa na ilivyoimba mjini. Gita nalo lilikuwa jepesi, liliweza kubebwa begani safari nzima, na halikuhitaji kundi la watu ili lipigwe. Mtu mmoja aliye na gita alikuwa ngoma kamili.

Ili tuelewe alichofanya Mukabi, hatuna budi kutazama kwanza alichokikuta. Santuri za Kiswahili hazikuanza bara. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay na wenzake kurekodi taarabu, na kwa muda mrefu sauti ya Kiswahili kwenye santuri ilikuwa sauti ya pwani. Baada ya vita, upepo mwingine ulivuma kutoka Kongo. Mwenda Jean Bosco, kijana wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, aliwaonyesha Waafrika wa mashariki kwamba gita kavu, yaani gita lisilo la umeme, laweza kupigwa na mtu mmoja likasikika kama limepigwa na wawili. Mwaka 1959 Bosco alifika Nairobi, akakaa kwa muda na kufanya kazi huku, na vijana wengi wakamfuata kidole kwa kidole.

Ingekuwa rahisi kwa Mukabi naye kuwa mwigaji tu. Waigaji walikuwa tele, na soko liliwataka. Lakini yeye alifanya jambo ambalo ndilo kiini cha sanaa yake: alilichukua gita lililotoka ugenini akalifundisha kusema lugha ya ngoma za nyumbani. Kila mtu wa hapa anaijua isukuti. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, zikiambatana na pembe ya paa na njuga za chuma, huku kiongozi akiimba na kundi likimwitikia. Ngoma ile huchezwa sana na ndugu zetu Waisukha na Waidakho, katika harusi na katika matanga, na mdundo wake hauna mapumziko: ngoma moja ikishusha, nyingine inapandisha. Mukabi aliugawa mdundo wa namna hiyo kati ya vidole viwili. Kidole gumba kilikaa kwenye nyuzi nene na kutembea kwa hatua zisizobadilika. Kidole cha shahada kilicheza kwenye nyuzi nyembamba, kikikatiza, kikijibu, kikitangulia na kuchelewa. Mtindo huo ukaitwa omutibo, na Mukabi ndiye anayetambuliwa kuwa mwasisi wake.

Kulikuwa na chombo cha tatu, nacho ni chupa tupu ya soda. Wapigaji wa omutibo walipenda chupa yenye mabonde, hasa ile ya Fanta iliyozungushiwa miviringo ya kioo. Mtu aliikamata kwa mkono mmoja na kuikwaruza au kuigonga kwa kipande cha chuma, na hapo zikapatikana njuga za isukuti bila njuga. Nawaomba wanafunzi wanaosoma sanaa na usanifu walizingatie jambo hili. Aliyebuni miviringo ile alikusudia kuipamba chupa ipendeze mkononi mwa mnunuzi. Watu wa magharibi mwa Kenya waliitazama chupa ile ile wakaona ala ya muziki. Huo nao ni usanifu, tena wa daraja la juu: kukiona kitu kilichokwisha kazi yake na kukipa kazi mpya isiyofikiriwa na aliyekiunda.

Jina la Mukabi lilienea katika miaka ya mwisho ya 1950. Nairobi wakati huo ilikuwa na kiwanda cha kuchapia santuri na makampuni kadhaa ya muziki, miongoni mwao African Gramophone Stores, yaliyowatafuta wapiga gita wa bara kwa kuwa walijua kwamba mfanyakazi wa mjini hununua sauti ya nyumbani kwao. Mukabi alisafiri kutoka Kisa kwenda mjini kurekodi, kisha akarudi. Na santuri zikamfuata zikiwa zimefungwa kwa karatasi, zikauzwa madukani pamoja na sukari na mafuta ya taa. Nyimbo kama Sengula Nakupenda na Mtoto si Nguo zikawa nyimbo za kila mtu. Wa kwanza ni wimbo wa mapenzi. Wa pili, kwa jina lake peke yake, ni methali: nguo huazimwa, hununuliwa, hutupwa ikichakaa, lakini mtoto hana duka.

Msomaji kijana, aliyezoea nyimbo zinazofika kwenye simu kwa kugusa kioo, huenda asijue ugumu wa santuri ya siku zile. Ilikuwa sahani ya upana wa inchi 10, iliyotengenezwa kwa utomvu wa wadudu uliochanganywa na unga wa mawe. Ilizunguka mara 78 kwa dakika chini ya sindano ya chuma, nayo ilivunjika kama sahani ya chai ikianguka. Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi, basi. Katika dakika hizo tatu mwimbaji alipaswa kufungua wimbo kwa gita, kusimulia kisa, kutoa funzo, kuliacha gita liseme peke yake na kufunga. Wanaofundisha ushairi wanajua kwamba bahari yenye mipaka migumu ndiyo inayompima mtunzi. Mshairi ana mizani na vina. Mukabi alikuwa na dakika tatu, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuukata na kuuunganisha wimbo kama ufanywavyo leo. Akikosea katikati, alirudia mwanzo.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia walimu wenzangu wa Kiswahili, maana najua pingamizi mtakalolitoa. Mtasema kwamba Kiswahili cha Mukabi si sanifu. Ni kweli. Upatanisho wake wa kisarufi mara nyingine huyumba, na matamshi yake ni ya mtu aliyekunywa lugha nyingine utotoni. Mimi nimefundisha lugha hii katika kaunti hii kwa miaka mingi, nimesahihisha maelfu ya insha, na wino wangu mwekundu haujapata kuwa na huruma kwa ngeli iliyopotoka. Hata hivyo, nasema kwamba Kiswahili kile ni hazina ya masomo, wala si aibu.

Fikirini jambo hili. Mukabi alikuwa na lugha ya mama, lugha ya Kisa, nayo ilimtosha kuimbia harusi na matanga ya nyumbani. Alipoimba kwa Kiswahili alichagua hadhira iliyo kubwa zaidi: Mkamba katika karakana ya reli, Mjaluo katika bandari ya Kisumu, Mganda katika soko la Kampala, Mgiriama katika gati la Mombasa. Hakuna mtaala uliomlazimisha. Hakuna mtihani uliomngoja. Katika miaka ambayo serikali ya kikoloni ilituandika katika vipande na kutugawa kwa makabila, mpiga gita wa kijijini aliamua kwamba lugha ya kumwambia jirani ukweli ni Kiswahili. Waliokisambaza Kiswahili bara si wamishonari, askari na walimu peke yao. Wamo pia watu wa gita, nao hawajatajwa katika vitabu vyetu vya historia ya lugha kwa kadiri wanavyostahili. Santuri zao ndizo ushahidi unaosikika wa jinsi mtu wa kawaida wa bara alivyoisema lugha hii kabla ya uhuru. Mwanaisimu hawezi kuupata ushahidi huo katika kamusi.

Isitoshe, nyimbo za Mukabi zimejaa ile kazi tunayoiita fasihi simulizi na kuifundisha kwa mifano iliyokaushwa vitabuni. Humo mna methali, mna mawaidha, mna masimulizi, mna sauti ya kiongozi na ya waitikiaji. Mwanafunzi hukariri kwamba sifa mojawapo ya fasihi simulizi ni utendaji; ni nadra kumsikia mtendaji. Hapa tunaye mmoja, wa hapa hapa, aliyehifadhiwa ndani ya sahani, na tunampita.

Turudi kwenye maisha yake, ambayo hayakuwa marefu. Mwaka 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilijitawala, George Mukabi aliuawa. Hakufa vitani wala gerezani. Ulikuwa ugomvi wa mambo ya nyumba uliokua ukamwaga damu. Mtu aliyetumia kipaji chake kuwaonya wenzake kuhusu ndoa, ulevi na ukaidi alikumbwa na aina ya msiba ule ule aliokuwa akiuonya. Simtaji hivyo ili kumsuta. Wapo wanaopenda wasanii wao wawe malaika, na wakigundua kwamba walikuwa watu, huwafunika. Mimi naona kwamba mwanafunzi wa sekondari aweza kuambiwa ukweli huu wote: kwamba hekima ya wimbo haimkingi mwimbaji, na kwamba kazi njema hubaki njema hata kama maisha ya mtunzi yalikatika vibaya. Mukabi alikuwa bado katika ubichi wa maisha. Alichorekodi kwa miaka michache tu ndicho alichotuachia.

Kifo hicho hakikuua omutibo. Mwanawe, Johnstone Ouko Mukabi, alilishika gita na kuuendeleza mtindo wa baba yake. John Mwale na wenzake wa rika lile walitia santuri nyingi sokoni. Sukuma bin Ongaro aliuhamishia mtindo wenyewe kwenye gita la umeme na kuwachezesha watu wa magharibi kwa miongo. Kutoka Bunyore, Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, waliojulikana kama Abana ba Nasery, waliubeba mpaka Uingereza. Nyimbo zao za zamani zilikusanywa huko mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoka kazi yao mpya waliyoifanya pamoja na wanamuziki wa Ulaya, chupa ya Fanta ikiwamo. Na kama kuna anayedhani kwamba muziki wa eneo hili haukuwahi kuvuka bahari kabla ya hapo, amkumbuke Daudi Kabaka, ambaye wimbo wake Helule Helule uliimbwa upya na kundi la The Tremeloes mwaka 1968 na kuingia katika nyimbo 20 bora za Uingereza.

Sasa nije kwenye dhahabu niliyoitaja mwanzoni. Kwa miaka mingi wakusanyaji wa ng'ambo wamezitafuta santuri za Afrika Mashariki, wakazinunua kutoka maduka yaliyofungwa na maboma ya wazee, wakazisafisha na kuzitoa upya. Mwaka 2017 kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Olvido ilikusanya nyimbo za Mukabi katika santuri moja kubwa iitwayo Furaha Wenye Gita. Mtu aliye Oregon au Berlin akitaka kumsikia Mukabi, ataagiza santuri ile na kumsikia. Nimewauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu, si mara moja, ni nani aliyewahi kulisikia jina hilo. Katika darasa la watu 48, mkono mmoja ulinyoshwa, na mwenye mkono huo alisema kwamba babu yake humwimba akilewa.

Si haki kuwalaumu wakusanyaji. Wengi wao walifanya kazi ambayo sisi tulikataa kuifanya, tena kwa fedha zao. Santuri iliyo katika rafu ya mgeni ni salama kuliko iliyogeuzwa kifuniko cha mtungi au kuachiwa mchwa darini. Lakini kuna tofauti kati ya kitu kuhifadhiwa na kitu kuendelea kuishi. Mkusanyaji anaweza kuihifadhi sauti ya kidole gumba cha Mukabi. Hawezi kuzuia vidole vya watoto wa Khwisero visiusahau mdundo ule. Kazi hiyo ni yetu.

Kuna hoja nyingine ambayo wengi hawaifahamu, nayo ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa muziki kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Aliyefariki mwaka 1963 ulinzi wake ulikwisha mwishoni mwa mwaka 2013. Kwa upande mmoja, hilo linauma, kwa kuwa tungo hizo haziwezi tena kuwapa warithi haki ya kudai chochote hapa nchini. Kwa upande mwingine, lina maana kwamba tungo za Mukabi sasa ni mali ya umma. Shule yoyote yaweza kuzifundisha, kuziimba, kuzipanga upya kwa kwaya na kuzipeleka kwenye mashindano, bila kuomba ruhusa wala kulipa senti. Mlango uko wazi, ila hakuna anayeingia. Na mali ya umma isiyo na umma unaoijua hugeuka mali ya yeyote aliyeiokota.

Mfano wa jinsi ya kufanya tunao kwa jirani zetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi Wakipsigis wakiimba habari za Chemirocha, jina walilompa mwimbaji wa Marekani Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimewafikia. Rekodi hizo zilikaa Afrika Kusini kwa zaidi ya miaka 60. Katika miaka ya 2010 nakala zake zilirudishwa kijijini, na baadhi ya walioimba wakati ule walikutwa wangali hai. Hebu tuwaze maana ya jambo hilo: mzee kuisikia tena sauti aliyoitoa ujanani, mjukuu akiwa kando yake akisikia kwa mara ya kwanza kwamba babu alikuwa msanii. Hakuna somo la historia linaloweza kushinda saa moja ya namna hiyo. Na isukuti yenyewe iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Maneno hayo hayakuandikwa kwa ajili ya mapambo. Yana maana kwamba wajuzi wake wanapungua kuliko wanafunzi wake wanavyoongezeka.

Pingamizi la pili la walimu nalijua pia: muda haupo, mitihani inakuja. Jibu langu ni kwamba siombi somo jipya. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha methali aweza kuanza na Mtoto si Nguo badala ya orodha ya ubaoni, kisha awaachie wanafunzi wabishane kuhusu maana yake. Anayefundisha isimujamii aweza kuwapa wimbo mmoja waandike ni wapi lugha ya Mukabi inapoachana na sanifu na kwa nini. Mwalimu wa historia anayefundisha kodi na uhamiaji wa wafanyakazi ana ushahidi unaosikika. Na sasa kwa kuwa mtaala wa umilisi umeweka mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu, mwalimu wa muziki hana tena kisingizio cha kuanza na Beethoven na kuishia kwake. Beethoven asifukuzwe, apewe jirani.

Kwa wanafunzi nina shauri moja la namna ya kusikiliza, kwa kuwa mtu asiyefundishwa kusikiliza atasema upesi kwamba muziki wa zamani unafanana wote. Sikilizeni wimbo mmoja wa Mukabi mara nne. Mara ya kwanza fuateni sauti nene peke yake, ile ya kidole gumba, na mpige hatua zake kwa mguu. Mara ya pili iacheni hiyo, mfuate nyuzi nyembamba, na mjiulize ni lini zinajibu sauti ya mwimbaji na ni lini zinamtangulia. Mara ya tatu sikilizeni mgongano wa kidole na kidole, na muone kama hamtazisikia ngoma za isukuti humo ndani. Mara ya nne sikilizeni maneno. Mkimaliza, mtakuwa mmetumia dakika 12 hivi, muda usiotosha kula chakula cha mchana, nanyi mtakuwa mmejua jambo ambalo wengi waliozaliwa Kakamega hawalijui.

Kisha nendeni nyumbani likizo ikija, mkaulize. Mkamwulize nyanya kama kulikuwa na gramafoni hapo bomani, nani aliileta, na ilichezwa siku gani. Mkatazame dari na masanduku. Santuri mkiiona, msiifute kwa kitambaa cha mchanga wala msiilaze chini ya mzigo. Isimamisheni wima, katika karatasi, pasipo jua. Andikeni majina yaliyo kwenye karatasi ya katikati, maana hata sahani iliyopasuka bado inaweza kutuambia nani aliimba nini. Wazee wanaojua kulipiga gita kwa namna ile wangalipo katika baadhi ya vijiji, lakini hawatakuwapo milele, na ujuzi wa vidole hauandikiki. Hupokewa kwa kukaa karibu na kutazama.

Kuienzi sanaa ya karne iliyopita si kuililia enzi ile, ambayo ilikuwa na kodi, kipande na viboko vyake. Ni kukiri kwamba watu waliobanwa kiasi kile walipata nafasi ya kutengeneza kitu kizuri kwa nyuzi sita na chupa tupu, na kwamba uzuri huo haukumalizwa na kufa kwao. Mukabi ameshafanya sehemu yake. Muhula ujao kuna madarasa mengi katika kaunti hii yatakayoandika ubaoni kwamba ya kale ni dhahabu. Ombi langu kwa walimu wake ni moja: mkishaandika, iwekeni chaki chini, na wacheni watoto wasikie.